Risiti ya Risiti

Mama alizitunza zote ndani ya kopo la maziwa,
juu ya kabati, upepo wa Nkuhungu usizifikie.
"Ukishalipa, karatasi ni yako," alisema,
akamkazia macho mwenye duka pale Majengo
mpaka mashine ikohoe.

Serikali ilipotangaza bahati nasibu ya risiti
tulimcheka. Nani ashinde kwa kununua chumvi?
Hakutujibu. Alinyoosha kila kipande juu ya goti,
akakilaza chali, tarehe juu,
kama anayeanika mlenda.

Alifariki mwezi wa saba. Kopo likabaki.

Ijumaa, saa mbili usiku, husomwa namba.
Nawasha redio yake, ndogo, nyekundu,
namwaga kopo kitandani
na kumulika kwa simu, maana wino wa mashine ni mgeni tu:
jua la Dodoma huuramba
likakuachia karatasi nyeupe
na harufu ya duka.

Natafuta namba. Nakuta mengine.
Machi kumi na moja: unga kilo mbili, kiberiti.
Kumi na mbili, hakuna.
Kumi na tatu, hakuna.
Kumi na nne: mafuta ya kula, robo.
Siku hizo nilikuwa Singida
nikimwambia kwa simu, mama vumilia,
natuma mwisho wa mwezi.

Ijumaa ya nne mtangazaji alisoma taratibu,
tarakimu kumi, akarudia.
Nami nimeshika kipande kilichofifia mkiani;
ile saba ya mwisho niliiona kwa kukiinamisha,
kwa ubavu, kama unavyotafuta mwiba kidoleni.
REDIO NDOGO 1
BETRI 2
CHUMVI 1
MCHANGANYIKO 1, shilingi mia saba.
Redio ilikuwa inajisoma yenyewe.

Foleni ya washindi haina shangwe kama ulivyodhani.
Mzee mmoja, risiti ya simenti ameifunga kwenye nailoni.
Kijana ameokota ya dizeli stendi,
hana hata baiskeli,
anakariri lita midomo ikicheza:
arobaini na mbili, arobaini na mbili.

Dirisha la pili, dada Nkwabi.
"Laki tatu. Kitambulisho. Saini hapa na hapa.
Risiti halisi inabaki kwetu."
"Inabaki?"
"Ndiyo utaratibu."

Laki tatu ni deni la jeneza,
karibu kamili, kwa fundi Mazoya wa Chang'ombe,
ambaye hajawahi kunidai, na ndiyo inayouma.
Na karatasi yenyewe itakuwa nyeupe kabla ya mvua.
Hayo nayajua.
Lakini mchanganyiko?
Mia saba. Ni binzari? Ni shanga?
Peremende za watoto wa jirani?
Kitu kimoja mama alikitaka
na mashine haikukijua jina.

Nikaisukuma chini ya kioo, kidole kikiwa juu yake bado.
"Dada," nikasema, "na wewe ukipokea, toa risiti."
Akacheka.
Halafu akanitazama, akaacha kucheka.
Mashine yao haina kitufe cha jambo hilo.
Akachana karatasi ya daftari, akaomba kalamu kwa mwenzake,
ya bluu, akaandika huku akitamka:
Nimepokea kutoka kwa Merina, binti wa marehemu Sechelela,
redio moja, betri mbili, chumvi moja,
mchanganyiko mmoja.
Akagonga muhuri, kwa nguvu, mara mbili.

Mzee wa simenti akauliza kama na yeye atapewa.

Imo ndani ya kopo sasa.
Kalamu ilikandamizwa hasa;
ukiigeuza unaweza kuisoma kwa kidole, gizani.
Ijumaa redio inasoma namba za watu wengine,
sauti imeanza kuzama, betri ni zile zile.
Chumvi imebaki nusu.
Bado tunaila.